Ng'ombe ni Neno Moja, Si Mawili

Wasee, kila nikiwaonyesha maktaba yangu ndogo ya kuhariri mstari kwenye teminali, kuna majibu matatu huja yakifuatana kama matatu za Thika Road jioni. La kwanza: "Sasa buda, hii italeta pesa?" La pili hutoka kwa waliosoma kidogo: "Readline ipo tangu hujazaliwa. Kwa nini uchimbe kisima na mfereji uko mlangoni?" La tatu ndilo jipya mjini: "Akili unde itaandika hiyo kitu kwa dakika mbili."

Leo nayajibu yote matatu, na sitajibu kwa upole, kwa sababu nyuma ya maswali hayo kuna ugonjwa mmoja: tumezoea kuamini kwamba vitu vya chini kabisa kwenye kompyuta ni kazi ya watu wengine, na sisi yetu ni kuweka rangi juu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wengi wenu mnaitumia hii kitu kila siku na hamjui jina lake. Fungua teminali ya Linux, andika cat, bonyeza Enter. Sasa bonyeza mshale wa juu. Badala ya kurudishiwa amri ya awali, unaona takataka hii: ^[[A. Hiyo si hitilafu. Hivyo ndivyo mshale wa juu unavyoonekana ukiwa uchi. Teminali yako inaiga tabia za mashine ya DEC iliyoitwa VT100, ya mwaka 1978, na ukibonyeza mshale inatuma baiti tatu: Esc, mabano ya mraba, herufi A. Kerneli haijui mshale ni nini. Katika hali yake ya kawaida inakushikia mstari mpaka ubonyeze Enter, na kwa upande wa kuhariri inajua kukufutia herufi, neno au mstari mzima, basi.

Rudi sasa kwenye Bash, bonyeza mshale ule ule. Amri ya awali inarudi. Ctrl-A inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl-E mwisho, Ctrl-R inakutafutia amri uliyoandika wiki jana. Nani amefanya hiyo kazi? Ni maktaba inayoitwa Readline, iliyoanzishwa na Brian Fox mwishoni mwa miaka ya 1980, na iliyotunzwa kwa zaidi ya miaka 30 na Chet Ramey wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani. Inaiambia kerneli ikae kando, inasoma baiti moja moja, inatambua kila mshale, kisha inachora mstari upya kila unapogusa kibodi. Ina ndugu zake: libedit, ya ukoo wa BSD, ambayo ndiyo iliyo ndani ya macOS, na linenoise, iliyo ndani ya redis-cli. Psql ya PostgreSQL hujengwa kwa Readline au kwa libedit. Kwa hivyo mhandisi anayechungulia hifadhidata usiku wa manane akitafuta muamala uliopotea, vidole vyake viko juu ya mojawapo ya hizi, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Sawa. Sasa twende kwa ng'ombe.

Kwenye Bash andika: nimenunua ng'ombe. Usibonyeze Enter. Bonyeza Esc kisha Backspace, ile amri ya kufuta neno moja nyuma. Ungetarajia ng'ombe mzima aondoke. Haondoki. Kinachoondoka ni "ombe". Mstari unabaki: nimenunua ng'. Kwa Readline, neno ni mfululizo wa herufi na tarakimu, na ritifaa si herufi wala tarakimu. Kwa hivyo ng'ombe ni maneno mawili, ng'ambo ni maneno mawili, kung'oa ni maneno mawili. Mtoto wa darasa la pili Kitui angekwambia huo ni upuzi: ng' ni sauti moja, na ile ritifaa si pambo.

Najua kuna mtu tayari anaandika jibu: "Lakini kwenye Bash hiyo alama ni ya nukuu!" Kweli kabisa. Ndiyo maana ukiandika echo ng'ombe na kubonyeza Enter, Bash inakuwekea alama ya > na kukaa kimya ikisubiri ufunge nukuu ambayo hukuifungua. Na ukiandika echo Ng'ang'a, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hakuna dalili yoyote ya tatizo. Bash inaona nukuu imefunguliwa na kufungwa, inazitupa zote mbili, inachapisha "Nganga". Jina la mtu limeporwa ritifaa mbili mchana kweupe na mashine haijakohoa.

Lakini hilo la nukuu ni la Bash. La kukata maneno ni la maktaba, na maktaba hiyo hiyo inatumika kwenye programu nyingi ambazo hazina habari na nukuu za Bash: kamusi, programu ya kuandika madokezo, ya kuingiza majina ya wanachama wa chama. Hata huko, ng'ombe anakatwa shingo. Na tuwe wakweli, hata don't ya Kiingereza inakatwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Mwingereza akiona hivyo anacheka na kuendelea. Sisi tukiona hivyo tunafundishwa tuache ritifaa. Tunaanza kuandika "ngombe" na "Nganga", kwenye fomu, kwenye faili, mwishowe kwenye kitambulisho. Mashine haikujifunza lugha yetu, kwa hivyo lugha yetu ndiyo inanyolewa ili itoshe.

Halafu kuna baiti. Andika neno Gĩkũyũ. Hesabu herufi: sita. Kwenye UTF-8 ni baiti 9, kwa sababu ĩ moja na ũ mbili kila moja inachukua baiti mbili. Na kama kibodi yako inaandika i kwanza kisha alama ya juu kando, neno lile lile linakuwa baiti 12. Kwenye skrini hutaona tofauti yoyote. Sasa chukua maktaba inayoamini kwamba baiti moja ni herufi moja ni nafasi moja kwenye skrini. Ukibonyeza Backspace inafuta nusu ya herufi na kuacha mzoga. Kielekezi kinasimama mahali ambapo hakipo. Unadhani unahariri hapa, kumbe unahariri pale. Kwa miaka mingi linenoise ilikuwa hivyo, na Readline nayo haikuzaliwa ikijua herufi za baiti nyingi. Ilifundishwa baadaye.

Simlaumu mtu. Hawa jamaa hawakukaa kikao kupanga kumnyima Mkikuyu herufi zake. Kila mmoja alitatua shida iliyokuwa mbele yake, na shida zetu hazikuwa mbele yao. Hicho ndicho ninachotaka kiingie kwenye vichwa vyenu: programu inaijua lugha ya yule aliyekuwepo wakati inaandikwa. Kama hatukuwepo, haitujui.

Na hapa ndipo nawajibu watu wa kisima na mfereji.

Mwaka 2010 kulikuwa na Readline, na kulikuwa na libedit. Zote zilifanya kazi. Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano kutoka Sicily aliyetengeneza Redis, alizitazama akahesabu: Readline mistari 30,000 ya msimbo, libedit 20,000. Akauliza kama ni haki programu ndogo ibebeshwe mzigo wa namna hiyo ili tu mshale wa juu ufanye kazi. Akakaa chini akaandika yake, linenoise, mistari elfu moja hivi, akaitoa kwa leseni ya BSD. Leo maelezo yake yanataja Redis, MongoDB na Android kati ya walioitumia. Kwa hivyo huo mfereji mnaoniambia ninywe, nao ulikuwa kisima cha mtu aliyeambiwa kuna mfereji. Na wale waliokasirishwa na suala la UTF-8 hawakuandamana. Walichukua nakala, wakaongeza walichokosa, wakaendelea na maisha. Hiyo ndiyo maana ya chanzo huria. Si kwamba ni bure. Ni kwamba huhitaji kumpigia mtu magoti.

Manze, tofauti kati yetu na Sanfilippo si akili. Yeye alipoona mistari 30,000 aliuliza kwa nini iwe mingi hivyo. Sisi tukiona mistari 30,000 tunapiga saluti.

Sasa pesa. Nitajibu moja kwa moja: maktaba yangu haijaniletea hata shilingi, na sitegemei italeta. Mtu anayelipa kodi ya nyumba ana haki ya kuuliza swali hilo, na simdharau. Ninachopinga ni kulifanya swali la pekee. Mwezi Septemba 2014 ilitangazwa hitilafu ya Bash iliyoitwa Shellshock. Ilikuwa imekaa ndani tangu 1989, miaka 25, na ilimruhusu mtu wa mbali kuendesha amri zake kwenye sava nyingi za intaneti. Dunia ilipogeuka kumtafuta wa kuirekebisha, ikakuta mtunzaji wa Bash ni yule yule Chet Ramey, anayeifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Makampuni yenye thamani ya mabilioni yalikuwa yameegemea mabega ya mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya mchana.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi naongeza: nduguye mwenyewe anazeeka. Watu walioandika vitu hivi vya chini walianza kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nani atarithi? Kurithi hapa si kupewa neno la siri. Ni kuweza kufungua msimbo wao, kuusoma, na kujua ni wapi panavuja. Hiyo huipati kwa kuangalia video zangu, wala za mtu mwingine. Unaipata kwa kujenga kitu cha aina hiyo hiyo mwenyewe, kidogo, kibovu, mpaka kifanye kazi.

Na msiniambie hakuna wa kutufundisha. Mimi niliacha chuo, na kabla sijaacha nilifundishwa C kwa ubao mpaka kuhesabu mabano kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna siku hata moja tuliyofungua msimbo wa programu inayotumika duniani na kuusoma pamoja. Linenoise ni faili moja ya C. Unaisoma wikendi moja. Haikuombi cheti.

Kuhusu vitu vidogo kukosa uzito, hebu sikiliza hii. Mwaka 1992 Bruno Haible, mmoja wa waandishi wa CLISP, mfumo wa lugha ya Lisp, alikuwa akiusambaza huku ukiweza kuunganishwa na Readline. Readline iko chini ya GPL, leseni inayosema: ukijenga kitu juu yangu na ukakisambaza, nacho kiwe huru vilevile. Richard Stallman akamwandikia kumkumbusha. Wakabishana. Mwisho wa mabishano, CLISP yote ikawekwa chini ya GPL. Fikiria hapo. Maktaba ya kusogeza kielekezi kulia na kushoto iligeuza leseni ya mfumo mzima wa lugha ya kompyuta. Stallman alijua alichokuwa akifanya: Readline haikuachwa kwenye GPL kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wetu wanaweka msimbo GitHub na kuchagua leseni kama mtu anayechagua rangi ya kifuniko cha simu. Yangu nimeiweka GPL. Nimetoa bure, na atakayejenga juu yake na kusambaza, naye atoe. Wewe unaweza kuchagua BSD kama Sanfilippo ili ienee kila mahali hata kwenye bidhaa zilizofungwa, na hiyo ni sababu halali. Lakini iwe sababu. Leseni ndiyo sehemu pekee ya kazi yako itakayokusemea ukiwa haupo chumbani.

Niliwahi kuipeleka kazi hii kwenye hakathoni moja hapa mjini. Kabla yangu walipita watu wenye apu za kubadilisha Afrika, slaidi ishirini, msimbo hakuna. Zamu yangu ikafika, jaji akaniuliza, "Mtumiaji wako ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe, kila ukibonyeza mshale wa juu." Watu wakacheka, jaji akaandika kitu, mambo yakaishia hapo. Sikushinda, na sikuja kulia. Nauliza tu: tunajiita Silicon Savannah, na kwenye savana hii kila mtu ni twiga. Nani anapanda nyasi?

Imebaki akili unde. Hapa naona kichekesho. Kwa miaka mingi tumeambiwa teminali ni ya wazee, imekufa. Mwaka 2025 Anthropic wakatoa Claude Code, OpenAI wakatoa Codex CLI, Google wakatoa Gemini CLI. Zote tatu zinaishi wapi? Kwenye teminali. Unazungumza nazo kwa kuandika mstari, na mstari huo kuna msimbo unaouhariri. Ukiandika kwa Kiswahili, ng'ombe wako anapitia mlango ule ule.

Na hata tukisema itaandika yenyewe: akili unde hujifunza kwa yaliyokwisha kuandikwa. Ukiiomba maktaba ya kuhariri mstari bila kusema zaidi, utapata wastani wa zilizopo, na zilizopo zinakata ng'ombe. Itakuandikia kanuni ya ritifaa siku utakapoiambia kwamba kanuni hiyo inahitajika, na hutaiambia kama hujui kwamba neno hukatwa mahali fulani, na fulani, kwa uamuzi wa mtu fulani. Chombo kinafanya kazi ya mikono. Kujua kinachokosekana bado ni kazi yako.

Kwangu kanuni ilikuwa rahisi mpaka inatia aibu: ritifaa iliyo kati ya herufi mbili ni sehemu ya neno. Basi. Ng'ombe akaungana, Ng'ang'a akaungana. Kila programu inayotumia maktaba inaweza kuizima ikiwa inahitaji alama hiyo kwa nukuu. Ya pili: hesabu unachoonyesha kwenye skrini, usihesabu baiti. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu, ilinila wiki kadhaa, na sasa najua kuhusu Unikodi kuliko nilivyowahi kutaka.

Kwa hivyo kwa yeyote ambaye hii imemgusa, fanya hivi. Huna laptopu? Weka Termux kwenye simu ya Android. Utapata Bash, kikusanyaji cha C, na kistari cha vitufe vyenye Esc, Ctrl na mishale. Msimbo wa aina hii hauli bando, ni maandishi matupu. Anza kwa kuizuia kerneli isikushikie mstari. Soma baiti moja, ichapishe, uone mshale ukifika kwa vipande vitatu. Ongeza Backspace. Ongeza kielekezi kwenda kulia na kushoto. Ongeza historia. Na programu yako ikitoka, irudishe teminali ilivyoikuta, la sivyo utaandika na huoni unachoandika. Ikitokea, andika stty sane bila kuona, bonyeza Enter, pumua. Kisha andika maelezo ya matumizi kwa Kiswahili, kwa sababu atakayekuja baada yako anaweza kuwa Kakamega ama Kilifi, na hana sababu ya kupitia London ili akuelewe.

Usitumie "hello world" kuijaribu. Tumia majina ya watu wa kwenu. Mimi nina faili ya majaribio yenye Ng'ang'a, Gĩkũyũ, Nyang'oma na Mũthoni, na kila nikibadilisha kitu lazima yote yapite kabla sijalala. Najua haitoshi. Kenya ina lugha zaidi ya 40 na mimi siandiki hata tano vizuri. Kama lugha yenu ina herufi inayoivunja maktaba yangu, nitumie hilo neno pamoja na maelezo ya ulichobonyeza. Litaingia kwenye faili hiyo, na halitatoka.